Jiwe la Asilimia Tatu

Damascène hakusema uongo hata siku moja. Tuliweke hili mapema, maana yeye mwenyewe alijitetea nalo karibu miezi mitatu, akiwa shambani, akiwa kanisani, akiwa amelala chali anatazama mabati. Kila neno alilolitoa kwenye kipaza sauti chake lilikuwa la kweli. Kilichomponza ni neno moja alilolimeza.

Kule Burundi alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya Rutana, mtu wa chaki na shati jeupe. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, kwa miaka kumi, alikuwa mtu wa chaji. Alikuwa na kibanda karibu na soko la Base Camp, paneli mbili za sola juu ya bati, na ubao wa soketi uliojaa simu za watu. Wenye simu hawakuziacha peke yake. Walikaa nje kuzilinda. Ili wasichoke, Damascène alitundika spika juu ya nguzo, na kila saa kumi alasiri akawa anawasimulia habari alizozisikia asubuhi kwenye redio ya Kifaransa. Alianza na mpira, akaja kwenye vita, akapita kwenye bei ya mahindi, na mwisho akafika kwenye kile alichokipenda yeye, sayansi. Darubini mpya, chombo kilichotua mwezini kikaanguka ubavu, chanjo iliyopatikana. Akifika hapo watu walichomoa simu zao wakaenda zao. Habari za mbinguni hazimpikii mtu maharage.

Mpaka mwisho wa Januari 2025, lilipokuja jiwe.

Redio ilisema wataalamu wa darubini kule Chile wameona jiwe lenye ukubwa wa jengo, linalozunguka jua, na kwamba tarehe 22 Desemba 2032 huenda likaigonga dunia. Uwezekano ulikuwa asilimia moja, kisha mbili, na katikati ya Februari ukafika tatu na kidogo. Mstari wa mahali lingeweza kuangukia ulitoka Amerika ya Kusini, ukavuka bahari, ukakata Afrika, ukaishia upande wa India. Damascène alieleza vizuri, kama mwalimu. Alichora njia ya jiwe ukutani kwa mkaa. Akasema asilimia tatu ni kidogo: chukua punje mia za mahindi, mbovu ni tatu tu.

Hesabu ya mbingu aliipata. Aliyoikosa ni hesabu ya watu. Kwingine mtu akiambiwa asilimia tatu anageuka ubavu wa pili na kulala. Nakivale kuna watu wanaokwenda kila wiki kusoma orodha ukutani, wakitafuta jina lao kati ya wale wachache watakaopelekwa Kanada au Australia. Wameahirisha harusi, wamekataa kuezeka upya nyumba, wamewakataza watoto kupanda miti, kwa sababu ya nafasi ndogo kuliko hiyo. Mtu aliyejenga maisha yake juu ya moja kati ya mia, ukimpa tatu umempa hakika.

Basi watu hawakuondoka tena. Waliitana. Walileta mabenchi ya kigango. Baudouin, Mkongo wa Uvira aliyeuza mawese na ndagala, dagaa wa kwao, alileta kiti chenye egemeo na kumwita Damascène “Professeur” mbele ya wateja wake. Wanawake walimletea mkebe wa pombe ya mtama. Kina mama waliosahau hata jina lake walimwamkia “Mwalimu” njiani. Na Damascène, tusifichane, alipenda. Alianza kupiga shati pasi.

Asubuhi ya tarehe 25 Februari, akiwa anapiga mswaki, alisikia redio ikisema jiwe limepimwa upya. Dunia haiko hatarini tena. Uwezekano uliobaki haukufika hata moja kati ya elfu ishirini. Damascène aliandika yote kwenye karatasi ya daftari, akapiga mstari mara mbili chini yake, akaitia mfukoni. Mkewe, Gisèle, alimsikia akicheka kwa furaha, akamwuliza kuna nini, naye akamwambia.

Saa kumi alikuta watu kama themanini. Alisoma mpira. Alisoma vita na mahindi. Kisha akatia mkono mfukoni, na watu wakanyamaza wote kwa pamoja, hata waliokuwa wakicheza karata. Aliwaangalia. Akaiona kesho yake: mabenchi yamerudi kigangoni, simu zinachomolewa, na yeye ni mtu wa chaji tena. Akautoa mkono mtupu. Akasema tu kwamba wataalamu wanaendelea kupima. Nayo ilikuwa kweli, kwa sababu wataalamu hawaachi kupima.

Alijiambia kesho. Kesho ikazaa kesho. Gisèle alimwuliza mara mbili kama amesema. Baada ya hapo akaacha, akawa anamwekea chakula bila kumtazama. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Damascène lilimuuma kwelikweli. Kabla ya Pasaka alikwenda kuungama. Padri alimpa malipizi mawili, rozari moja na kuwaambia watu ukweli. Rozari aliisali siku hiyohiyo.

Mwanzoni alijifariji kwamba hakuna aliyeumia. Jiwe la miaka saba mbele haliui mtu leo. Lakini masika yalikuja, na jirani yake Ancilla hakulima.

Ancilla alikuwa mjane wa miaka sitini na mitano, Mrundi wa Rutana kama yeye. Wanawe wote walikuwa wamekufa; aliyebaki ni mjukuu mmoja, Ineza, aliyesoma kidato cha nne katika shule ya bweni Mbarara, upande wa Biharwe, kwa ufadhili wa masista. Kwenye habari za saa kumi bibi huyu alikaa mbele kabisa, mikono mapajani, kama mtu aliye misani. Kwa miaka kumi hakuwahi kukosa masika. Machi ile jembe lake lilibaki limeegemea ukuta. Damascène aliliona kila alipopita, akajiambia ni mgongo unamsumbua. Aprili ofisi ya kambi ikaligawa shamba la Ancilla kwa Marie, mama Mkongo aliyefika kutoka Kivu Kusini na watoto wanne na sufuria moja. Damascène akajiambia bibi amechoka kulima. Anayejidanganya hakosi sababu.

Katikati ya Mei, Baudouin alipokuja kuchukua simu yake, alimwambia kama habari ya kawaida kwamba mama Ancilla amejiandikisha kurudi Burundi, yeye na mjukuu wake. Magari yangeondoka mwezi wa sita, yangepita mpakani Kikagate na kukata Tanzania. Damascène aliacha kibanda wazi, akaenda mbio.

Alimkuta Ancilla akikunja vitenge sakafuni. Akamwuliza kwa nini. Bibi alishangaa kuulizwa, tena na yeye.

“Kama jiwe linakuja, linikute kwetu, kando ya kaburi la mume wangu,” alisema. “Hapa nilikuja kukimbia kifo cha watu. Kifo cha mbinguni hakikimbiwi, Mwalimu. Sitaki kufia fasi ya wengine.”

Damascène aliyajua mengine yote. Alijua kwamba shemeji yake Ancilla ndiye aliyelichukua shamba baada ya mume kuuawa, na aliapa mbele ya watu kwamba mjane huyo hatakanyaga tena kilima chao, ambacho kwa Warundi ndicho kijiji. Alijua Ineza alibakiza miezi mitano tu afanye mtihani wa taifa, na akiondolewa sasa shule imekwisha. Karatasi ilikuwa bado mfukoni, imelainika kwa jasho. Alifungua kinywa. Akasema, “Mungu atasaidia, mama,” akatoka. Njiani alijitukana kwa Kirundi, kwa sauti, hata watoto waliokuwa wakichota maji wakampisha.

Mwoga hutafuta mlango wa nyuma, na wa Damascène ulikuwa Mbarara. Kesho yake alifika shuleni kwa Ineza, wakakaa kwenye benchi la wageni karibu na geti. Alimwomba binti amsihi bibi yake asiende. Alizungumza juu ya mtihani, akazungumza juu ya shemeji, akazungumza juu ya barabara mbaya ya Tanzania. Jiwe hakulitaja. Ineza alikuwa na miaka kumi na saba na utulivu wa watoto waliolelewa na wazee. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anajua bibi anarudi kwa sababu ya jiwe, na kwamba jiwe lilikwisha tangu Februari, mwalimu wao wa fizikia aliwaeleza darasani. Alimpigia bibi simu wiki hiyohiyo.

“Alinijibu hivi,” alisema Ineza. “‘Kama ni kweli, Damascène angetuambia.’”

Hakumlaumu. Alimtazama tu, kama anayengoja mtu mzima amalizie sentensi yake. Damascène alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi, na aibu ikampanda hadi kwenye masikio. Ukweli ulimfikia Ancilla mapema, mikononi mwa mjukuu wake mwenyewe, na kilichoufukuza mlangoni ni ile heshima aliyokuwa nayo kwa Damascène.

Siku iliyofuata, saa kumi, hakusoma mpira. Alitoa karatasi, akaisoma yote, pamoja na tarehe. Akasema alinyamaza kwa sababu alipenda kusikilizwa. Na kwa kuwa sasa aliogopa kubakiza hata punje moja, akaongeza kwamba wataalamu wanasema jiwe lilelile lina karibu asilimia nne za kuugonga mwezi, na hilo nalo si hatari kwa dunia.

“Professeur,” alisema Baudouin, “na mwezi nayo iko mu liste? Batu ba kule batakimbilia wapi, huku kwetu?”

Watu walicheka, kicheko kikavu. Kisha minong'ono ikaanza nyuma. Ameitwa ofisini. Amefungwa mdomo. Hapa habari mbaya ikifutwa, watu huuliza kwanza ni nani kaifuta. Damascène alikuwa amechelewa kiasi kwamba hata ukweli wake ulionekana umenunuliwa.

Ancilla alisimama kwenye benchi la mbele. Aliuliza karatasi hiyo ni ya lini, ingawa alikuwa amesikia. Damascène akarudia, tarehe ishirini na tano mwezi wa pili. Bibi akahesabu kwa vidole.

“Mwezi wa tatu nilikuwa na jembe mkononi,” alisema. “Nililiweka chini.”

Alichukua kitenge chake, akaenda. Damascène alizima kipaza sauti, na watu wakaanza kuchomoa simu zao mmoja mmoja.

Jioni ile yeye na Gisèle walikwenda kwa Ancilla. Damascène alisema bado kuna muda, ofisi inaruhusu mtu kufuta jina kabla ya siku ya safari. Atakwenda naye, atasema mwenyewe kwamba kosa ni lake. Ancilla aliwakaribisha viti, akawapa maji, akauliza akifuta jina atakula nini. Maharage ya Marie yalikuwa yametoa maua. Je, amng'oe Marie na watoto wanne? Damascène akasema, na alisema kwa moyo wake wote, kwamba atamkatia nusu ya shamba lake, upande wenye udongo mzuri.

“Shamba lako litakuponya wewe, Damascène,” alisema Ancilla. “Mimi nitabaki ninalima malipizi yako.”

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma. Aliendelea taratibu kwamba tangu Machi ameishi kwao kichwani: amekwisha kupita njia ya kisima, amekwisha kufagia kaburi, amekwisha kugombana na shemeji na kumshinda. Jiwe limefutwa, sawa, lakini hamu haifutwi kwa redio. Yeye ataenda. Ineza atabaki amalize shule. Gisèle alilia. Damascène hakuthubutu hata kulia, aliona machozi nayo ni ya wenye haki.

Ofisini, kijana wa Uganda aliyejaza fomu alilikata jina la Ineza kwenye orodha ya safari, akainua kalamu.

“Mukaaka, bibi yangu, sasa mtoto anabaki na nani?” aliuliza. “Hii ofisi haiwezi acha mtoto hivi hivi. Na huyu ssebo, huyu bwana, ni nani yake?”

Ancilla alijibu aandike mlezi, maana mtoto hana mwingine. Damascène aliweka sahihi, jina likatoka nje ya mstari. Alingoja kulaaniwa. Angeona nafuu kulaaniwa. Walipotoka nje Ancilla alimshika kiwiko, kama mtu anayemwonyesha mwingine mahali pa kukanyaga.

“Habari yangu ikikufikia, nzuri ama mbaya, umwambie Ineza siku ileile,” alisema. “Usiiweke mfukoni.”

Damascène aliahidi. Magari yaliondoka wiki ya pili ya Juni, asubuhi yenye ukungu. Ineza alipewa ruhusa ya siku moja kuja kuaga. Bibi alimpa rozari yake na blanketi, akapanda bila kutazama nyuma, kwa sababu walisema atazamaye nyuma hufika na nusu yake tu.

Tangu hapo Damascène alisoma mpira na bei ya mahindi basi. Aliyemwuliza habari za mbinguni alimjibu kwamba hizo hasomi tena. Kila mwezi alikwenda Mbarara na sabuni na sukari, akakaa kwenye benchi la wageni, akamweleza Ineza yale machache aliyoyasikia kwa simu ya Kwizera, mtoto wa dada yake Ancilla aliyekuwa kule Burundi. Bibi amefika salama. Shemeji amemfungia njia. Bibi amepanga chumba karibu na soko, anangoja wazee wa kilima wakae wawasuluhishe. Aliyafikisha yote siku ileile, hata lile la shemeji, na kila mara alirudi nyumbani akiwa mzito kuliko alivyokwenda.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Kwizera alipiga. Ancilla amekufa alfajiri, kwa malaria, katika kile chumba cha kupanga. Wazee hawakuwahi kukaa. Shemeji amekataza hata maiti isipandishwe kilimani. Watamzika kesho kwenye makaburi ya wote, kando ya barabara.

Damascène alibaki ameshika simu. Kwake ilikuwa wazi kabisa ni nani aliyemuua, na mbu hakuwa peke yake. Gisèle alimletea koti kabla hajaomba. Alichukua pikipiki mpaka kwenye lami, akapata gari, na saa nane alikuwa kwenye geti la shule. Mlinzi akamwambia watahiniwa hawaonani na wageni: wako katikati ya mtihani wa taifa, kesho asubuhi ni fizikia.

Hapo ndipo aliposita. Alikuwa mwalimu miaka tisa. Alijua mtoto anayepewa msiba leo kesho anaandika nini. Siku moja tu. Kesho jioni si mbali, na safari hii sababu ilikuwa nzuri, ilikuwa ya mtoto, haikuwa ya kiti chenye egemeo. Lakini mwezi wa pili nao alikuwa na sababu nzuri, na hakuiamini tena sauti yoyote kichwani mwake iliyosema kesho. Alimbembeleza mlinzi mpaka mwalimu wa zamu akaja, na mwalimu wa zamu, alipoambiwa ni msiba, alimtazama vibaya lakini akamwita binti.

Ineza alikuja na daftari la marudio na kalamu sikioni. Damascène alisimama, akamwambia. Alimwambia chumba, malaria, shemeji, makaburi ya barabarani. Hakupunguza.

Ineza alikaa chini. Machozi yakadondokea jalada la daftari lake.

“Kesho nina fizikia,” alisema. “Ungengoja kesho jioni, baba.”

Damascène akasema bibi ndiye aliyemtaka asingoje.

“Bibi hakuwa na mtihani.”

 Damascène alikuwa amewahi mno sasa kama alivyochelewa mno Februari, na mara zote mbili aliyelipa ni mwingine. Alitaka kuomba msamaha akaona nao ungekuwa mzigo mwingine wa kumtwisha mtoto. Ineza alifuta uso kwa upindo wa sketi, akafungua daftari katikati, akalisukuma juu ya mapaja ya Damascène.

“Nisomee,” alisema. “Mimi sioni herufi.”

Ulikuwa ukurasa wa mwendo, kani na uzito. Damascène alianza kusoma, polepole, neno kwa neno, bila kuruka mstari hata mmoja, na sauti yake mwenyewe ilimchukiza masikioni.